Kitenzi “get” cha Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, na wazazi wanaokaa na watoto jioni kusaidia kazi za nyumbani. Yanajirudia mno, ndiyo maana yamewekwa mahali pamoja. Si lazima uanzie juu. Ruka hadi swali lako. Ila swali la pili lisome kwa vyovyote vile, maana mengi ya yanayofuata yanaegemea hapo.

“Get” si ni “kupata” tu?

Ndivyo kamusi ndogo zinavyosema, na kwa sentensi kama “I got a letter” au “She got a job” hakuna ubaya: nimepata barua, amepata kazi. Sasa tazama hizi. “I got home at six”: nilifika nyumbani saa kumi na mbili. “I got tired”: nilichoka. “He got arrested”: alikamatwa. “I got him to sign”: nilimbembeleza hadi akatia sahihi. “I don't get it”: sielewi. “We've got two children”: tuna watoto wawili. Sentensi sita, na “pata” haimo hata kwenye moja.

Aliyekariri kwamba “get” ni “pata” basi, anaelewa barua na kazi, akifika kwenye mazungumzo ya kawaida anaachwa njiani.

Basi nitajuaje ni maana ipi?

Acha kukikodolea macho “get” chenyewe. Tazama kinachokuja baada yake. Peke yake kitenzi hiki karibu hakina kitu ndani. Maana huletwa na maneno yanayokifuata.

Mchukue dereva mmoja umpitishe kila mahali. “I got a driver”: nilipata dereva. Nyuma ya “get” kuna nomino, kwa hiyo tunazungumzia kitu kuja mikononi mwako, iwe kwa kupata, kupokea, kununua, kuchukua au kuletewa. “The driver got angry”: dereva alikasirika. Kinachofuata ni kivumishi, kwa hiyo hali imebadilika. “The driver got to Morogoro”: dereva alifika Morogoro, kinachofuata ni mahali. “The driver got fined”: dereva alipigwa faini, kinachofuata ni kitenzi katika umbo lake la tatu, na hiyo ni kauli ya kutendwa. “I got the driver to stop”: nilimfanya dereva asimame, yuko mtu, halafu “to”, halafu kitenzi. Na mwisho “The driver got to meet the minister”: dereva alipata kukutana na waziri. Hapa “to” na kitenzi vimefuata moja kwa moja, maana yake amebahatika, fursa imemwangukia.

Hiyo ya mwisho inapendeza kwa sababu Kiswahili kinafanya vilevile kabisa. “Nilipata kumjua”, “I got to know him”. Usihangaike kuitafutia tafsiri nyingine.

Mbona “nimechoka” naambiwa ni “I am tired”, si “I have got tired”?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndipo wanaojua Kiingereza kingi bado huteleza.

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo mabadiliko yamo ndani yake tayari: choka, kasirika, zeeka, lowa, nenepa, konda, lewa, potea, chafuka, zoea. Kiingereza hapo kina vivumishi: tired, angry, old, wet, fat, thin, drunk, lost, dirty, used to. Kivumishi hakiwezi kutembea chenyewe, kinahitaji kitenzi cha kukibeba. Kikibebwa na “be”, tunaeleza hali ilivyo. Kikibebwa na “get”, tunaeleza hali inavyoingia.

Sasa tazama viambishi vya wakati. “Nguo zimelowa” ni “The clothes are wet”: mabadiliko yameshapita, tunatazama matokeo. “Nguo zinalowa” ni “The clothes are getting wet”: mvua inanyesha sasa hivi na mtu akimbie akazianue. “Nguo zililowa” ni “The clothes got wet”: tunasimulia tukio. Kwa hiyo -me- ya hali inaenda kwa “be”, -na- inaenda kwa “getting”, -li- inaenda kwa “got”. Jaribu na “potea”: “Tumepotea”, “We are lost”. “Tulipotea”, “We got lost”. Jaribu na ndoa: “Nimeoa”, “I'm married”. “Nilioa mwaka 2015”, “I got married in 2015”. “Anaolewa Jumamosi”, “She's getting married on Saturday”. Utaona Kiingereza hakijali nani ameoa na nani ameolewa, wote wawili “got married”. Na wanaoana “to”, hawaoani “with”: “She got married to a teacher”.

Angalizo moja. “Get” hubeba kivumishi, haibebi cheo wala kazi. “Akawa daktari baada ya miaka mingi ya masomo” ni “He became a doctor”. Ukisema “He got a doctor”, umesema alimpata daktari, labda mtu alikuwa mgonjwa.

Nimepata ajali, nimepata mtoto, nimepata msiba. Zote ni “I got”?

Hapana, na hapa ndipo “pata” inapotuponza kwa upande wa pili. Kwetu mtu hupata mema na mabaya kwa kitenzi kilekile. Kiingereza kimegawanya.

“Nimepata ajali” ni “I had an accident”. “I got an accident” inaeleweka Nairobi na Dar es Salaam, lakini Mwingereza atasita kidogo, kama vile ajali umeinunua dukani. “Amepata mtoto” ni “She had a baby”. “Amepata mimba” ni “She got pregnant”, kwa kivumishi. “She got a pregnancy” haipo. “Tumepata hasara” ni “We made a loss”. “Nimepata safari ya ghafla” ni “I have to travel unexpectedly”, kitenzi kinabadilika kabisa. “Tumepata tatizo” ni “We have a problem” au “We've got a problem”.

Msiba unahitaji uangalifu kuliko yote. Mtu akimwandikia mkuu wake wa kazi “We got a funeral”, anayesoma hawezi kujua kama amefiwa au amealikwa mazishini. Andika “There has been a death in the family”, kisha utaje uhusiano: mjomba, shangazi, bibi mzaa mama.

Gari nalo: “Gari limepata moto” kwetu mara nyingi ni injini kuchemka, “The engine got too hot”. Usiseme “The car got fire”. Anayekusikia atatafuta maji na kizimamoto. Na kisu kinachopata, yaani kikali, hakina “get” yoyote. “The knife is sharp”, basi.

Zipo zinazolingana vizuri: kupata nafasi, “get a chance”, kupata wazo, “get an idea”, kupata mafua, “get a cold”, kupata usingizi kidogo, “get some sleep”, kupata mshahara, “get paid”. Na “ugua pole” yetu, ambayo haina kupata wala kupona ndani yake, wenzetu husema “Get well soon”.

Nilimwambia mgeni “I'll get you at the hotel” akashtuka. Kwa nini?

Ulimaanisha “Nitakupata hotelini”, yaani nitakukuta. Kwa Kiingereza “I'll get you”, hasa ikitamkwa kwa mkazo, ni kitisho: nitakukomesha, subiri tu. Kwenye filamu, mhalifu huitoa akiwa anakimbia. Sema “I'll meet you at the hotel”. Kama unakwenda kumchukua kwa gari, “I'll come and get you” haina neno, kwa sababu “come and” imeondoa ubaya, ingawa “I'll pick you up” ndiyo salama zaidi.

Kwa jinsi hiyohiyo, “Nilimpata nyumbani” ni “I found him at home”. “I got him at home” inasikika kama polisi wamemnasa.

Nilisema “I cut my hair” wakaniuliza kama ninajinyoa mwenyewe.

Kwetu tunasema “nimekata nywele”, “nimeshona gauni la harusi”, “nimeosha gari”, “nimeng'oa jino”, na hakuna anayefikiri kwamba mkasi, cherehani, ndoo au koleo vilikuwa mkononi mwetu. Kila mtu anajua kuna kinyozi, fundi, kijana wa kuosha magari na daktari. Kiingereza hakidhanii hivyo. “I pulled out my tooth” ni wewe, kioo na koleo.

Kazi ikifanywa na mwingine kwa ajili yako, tumia “get” au “have”, kisha kitu, kisha kitenzi cha umbo la tatu. “I got my hair cut.” “I got a dress made.” “I got the car washed.” “I had a tooth taken out.” Mpangilio huo usiuvuruge: kitu kinakaa katikati. “I got cut my hair” si Kiingereza. “Have” ni rasmi kidogo, “get” ni ya mazungumzo, na mara nyingi “get” inabeba harufu ya kuhangaika: “I finally got the roof fixed”, hatimaye paa limetengenezwa, baada ya fundi kupiga chenga wee.

Nyumba inavumiliwa. “We're building a house” Waingereza nao husema hata kama matofali hawajayagusa.

“Niliibiwa simu” ni “I was stolen my phone”?

Hapana. “I was stolen” maana yake wewe ndiye uliyeibwa, umebebwa pamoja na simu yako. Kauli yetu ya kutendewa inamweka aliyeumia mbele na kitu kinafuata, mpangilio mzuri sana, ila Kiingereza hakiwezi kuuiga neno kwa neno. Una njia tatu: “My phone got stolen”, “I had my phone stolen”, au kwa kifupi “I was robbed” kama walikutisha au kukupora.

Nitumie “was arrested” au “got arrested”?

Zote ni kauli ya kutendwa. “Was” inafaa popote. “Got” ni ya kuongea, na hupenda matukio yanayompata mtu, mengi yakiwa mabaya au ya bahati: got fired, got bitten, got caught, got promoted, got selected. Haifai kwa hali ya kudumu. “He is known in the village” haigeuki kuwa “He gets known”. Na kwa mambo makubwa yaliyotulia, kama kujengwa kwa kanisa au kuandikwa kwa katiba, tumia “was”. Taarifa ya polisi au habari ya gazeti, “was” tu.

Kuna tofauti gani kati ya get, make, have na let mtu anapofanyishwa jambo?

Kiswahili kina kauli ya kutendesha, kwa hiyo sisi tunasema “nilimlisha”, “nilimsimamisha”, na kiasi cha nguvu kilichotumika kinabaki gizani. Kiingereza kinataka ukitaje. “I made him apologise”: nilimlazimisha. “I got him to apologise”: nilimshawishi, nilimzungukazunguka hadi akakubali. “I had him call you”: nilimwagiza, kwa sababu nina mamlaka naye au ni kazi yake. “I let him go”: nilimruhusu.

Kosa la kila siku ni “to”. “Get” inaidai, zile nyingine tatu zinaikataa. “I got him sign” ni kosa, na “I made him to sign” ni kosa vilevile. Hiyo ya pili nimeiona hadi kwenye barua za mawakili.

“I have got” ni wakati gani? Na “gotten” ni Kiingereza sahihi?

“I've got” ina sura ya wakati uliopita lakini maana yake ni ya sasa: nina. “I've got a car”, nina gari. Wakati uliopita wake ni “I had a car”. “I've got to go” ni lazima niende, na watu wakiongea haraka husikika “gotta”. Kuandika “gotta” kwenye ujumbe wa simu ni sawa. Kwenye mtihani usithubutu.

“Gotten” ni sahihi Marekani na Kanada. Tena wenzetu wa huko wana tofauti nzuri ambayo Uingereza imeipoteza, na Mswahili anaielewa papo hapo: “I've got a car” ni nina gari, “I've gotten a car” ni nimepata gari. Uingereza husema “got” kwa zote mbili.

Wapo Waingereza wanaoidharau “gotten” kama uharibifu wa Wamarekani. Mambo ni kinyume. Lilikuwa neno la Uingereza yenyewe, likavuka bahari na walowezi, kisha likafifia kwao. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 inalo mapema kabisa, Mwanzo 4:1, Hawa akimzaa Kaini: “I have gotten a man from the LORD”. Biblia yetu ya Union inasema “Nimepata mtoto mwanamume kwa BWANA”. Na hata Uingereza ya leo bado inasema “forgotten” na “ill-gotten”, mali ya haramu, bila mtu kulalamika.

Kupanda na kushuka gari: get on, get in, get off, get out?

Sisi tuna “panda” na “shuka”, iwe punda, daladala, meli au ndege. Kiingereza kinaangalia ukubwa. Chombo unachoweza kusimama ndani yake au kutembea, unaingia kwa “on” na kutoka kwa “off”: basi, daladala, matatu, treni, feri, ndege. Chombo kidogo unachojikunja na kukaa, unaingia kwa “in” na kutoka kwa “out of”: teksi, gari dogo, na bajaji pia. Unachokipanda kwa kutanua miguu, kama bodaboda, baiskeli au farasi, kinarudi kwa “on” na “off”.

Kwa hiyo “Nashuka kituo kinachofuata” ni “I'm getting off at the next stop”. Kusema “I'm dropping here” ni Kiingereza cha kwetu. Kondakta anakuelewa, mgeni anadhani unaanguka.

Kufika nako kuna mtego mmoja. “Get to Mombasa”, “get to work”, “get to the airport”, lakini “get home”, “get here”, “get there”, bila “to”. “I got to home” ni kosa.

Yale ya “get over”, “get by”, “get away with”, nayakariri vipi? Ni mengi mno.

Usiyakariri kama orodha. Yatafutie wenzake kwa Kiswahili, na mengi yanao.

“Get along” ni kupatana, na tazama jinsi “pata” ilivyojitokeza tena kwa kauli ya kutendana: “They don't get along”, hawapatani. “Get by” ni kusukuma maisha: “How are you?” “I'm getting by”, tunasukuma tu. “Get over” ni kuvuka jambo likabaki nyuma, ugonjwa, kuachwa, msiba. “Get away with” ni kukosa na usiadhibiwe: “He stole for years and got away with it”, aliiba miaka na miaka na hakuna kilichompata. “Get rid of” ni kuondokana na kitu. “Get at”, kama “What are you getting at?”, ni unataka kusema nini hasa, acha kuzunguka. “Get around to” ni kupata wasaa wa jambo lililokaa kiporo. “Get up” ni kutoka kitandani, ambako si sawa na “wake up”, kufumbua macho. Wengi wetu tuna muda mrefu kati ya hayo mawili.

“Get through” inastahili kutazamwa karibu. Umempigia mtu, ukasikia ile sauti ya mama inayotuambia kuwa mteja hapatikani kwa sasa. Kwa Kiingereza utamwambia baadaye “I couldn't get through to you”. Usiseme “I didn't get you on phone”. Halafu akikujibu “I'll get back to you”, maana yake nitakujibu baadaye, nikishaangalia. Ofisini maneno hayo wakati mwingine ni njia ya upole ya kukataa. Subiri siku kadhaa, kisha kumbusha.

Na tahadhari kwa wanaofanya kazi na wageni: “get off”, “get some” na “get it on” zina maana za chumbani katika lugha ya mitaani. Kwenye basi “get off” haina shida. Mahali pengine, kama huna hakika, kaa kimya.

“Nimekupata” ninaweza kusema “I got you”?

“Nimekupata” kwa maana ya nimekuelewa ni “I get you” au “Got it”. “I got you”, hasa kwa vijana wa Marekani, imekwenda kwingine: niko nawe, usiwe na wasiwasi, nitakusaidia. Rafiki akikwama nauli ukamwambia “I got you”, umeahidi kutoa.

Walimu wetu wengi huuliza darasani “Are you getting me?” Inaeleweka hapa Afrika Mashariki, na sioni sababu ya kuwakejeli, ila ukiwa na wageni “Do you follow?” au “Does that make sense?” inakaa vizuri zaidi.

Ninafanya kazi mgahawani. Wageni wanasema “get” kila dakika.

Na kila mara ni kitu tofauti. “Could I get the bill?” ni naomba bili. Wewe ukiuliza “Can I get you anything else?” umesema nikuletee kitu kingine? Meza nzima ikianza kugombania bili, anayesema “I'll get this” ndiye anayelipa, kwa hiyo mpe yeye. Simu ikilia kaunta, “I'll get it” ni nitapokea mimi. Mlango ukigongwa, “I'll get it” ileile ni nitafungua mimi. Mgeni akikuona umebeba masinia mawili akasema “Let me get the door”, anataka kukufungulia.

Upande wako, epuka kutafsiri “nipatie”. Kwetu “Nipatie maji” haina ukali, lakini “Get me some water” ni amri ya bosi kwa mtumishi. Sema “Could I have some water, please?” Baadhi ya Waingereza wazee hawapendi hata “Can I get a coffee?”, wanaiona ya Kimarekani na wanataka “Can I have”. Huo ni ugomvi wao. Wewe leta kahawa.

Kitenzi hiki kilitoka wapi?

Kwa Waviking. Watu wa Skandinavia walivamia kisha wakahamia sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9, na lugha yao ikachanganyikana na ya wenyeji. Kwao kitenzi kilikuwa “geta”. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake wa damu, lakini kilimtumia akiwa ameunganishwa na kiambishi tu, na ndiyo sababu tuna “forget” na “beget” hadi leo. Kwa njia hiyohiyo yaliingia “take”, “egg”, “knife”, “window”, “sky” na hata “they”. Ni jambo la kawaida kwa lugha za pwani na bandari. Sisi tulichukua kusafiri, kufikiri na kusamehe kutoka Kiarabu, na hakuna anayeyahisi kuwa mageni.

Iceland, ambako lugha ya Waviking haikubadilika sana, “geta” ipo bado, ila leo maana yake kuu ni kuweza. Mtu wa Reykjavík akisema “ég get”, anasema naweza.

Ndicho kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote?

Hapana. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, maelezo marefu kuliko yote yalikuwa ya “set”. Baadaye “run” iliporudiwa, mhariri Peter Gilliver alihesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. “Get” inashindwa kwa hesabu za kamusi, lakini kwa mtu anayejifunza kuongea naiweka mbele ya hizo zote mbili, kwa kuwa bila “set” siku inapita, bila “get” hufiki hata kituo cha basi.

Kwa nini mwalimu ananikatia alama nikiandika “get”?

Kwa sababu insha, barua rasmi na ripoti zinadai neno mahususi. Kupokea ni “receive”, kupata kwa juhudi ni “obtain”, kuwa ni “become”, kufika ni “arrive”, kununua ni “buy”, kuelewa ni “understand”. Barua ya kuomba kazi isiseme “I got a diploma in 2019”. Iseme “I obtained a diploma in 2019”. Hapo mwalimu ana haki.

Akikuambia kwamba “get” si Kiingereza kizuri na usiitumie hata ukiongea, hapo simkubalii. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo yanageuka ghafla kuwa ya Kiingereza, anafundishwa “obtain” na “commence” kabla ya “get” na “start”. Matokeo yake anaandika kama karani wa mahakama na hawezi kumwambia mwenzake kwamba mvua inakuja, waingie ndani: “It's going to rain, let's get inside”.

Bosi wangu ni mgeni. Akinituma kazi nikamjibu “Got it”, ni utovu wa adabu?

Si utovu wa adabu, ni kama “sawa, nimeelewa” isiyo na “bosi” mwishoni. Kama mmezoeana, inatosha. Kama ni mtu mzima, au ni wiki zako za kwanza kazini, andika “Understood, thank you”. Ila usimjibu “I got it” ukimaanisha umeipokea barua pepe huku hujaisoma. Yeye ataelewa kwamba umeshaielewa, na kesho atakuuliza imefikia wapi.